Karatasi za Baba Aliyekuwa Keya: Jinsi ya Kuzisoma Hatua kwa Hatua

Katika nyumba nyingi za Usukuma, Ukerewe na kando ya ziwa hadi Musoma, vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vimebaki ndani ya kisanduku cha bati. Humo kuna cheti kilichokunjwa mara nne, kitabu kidogo cha askari, nishani moja au mbili, na pengine picha ya kijana aliyevaa kofia pana. Mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, na aliyoyasema akiwa hai yalikuwa machache: Kolombo, Burma, mvua, basi.

Mwongozo huu ni wa mtoto au mjukuu aliyeshika kisanduku hicho. Unahusu zaidi Keya, yaani King's African Rifles, pamoja na vikosi vingine vya Afrika Mashariki vya wakati huo. Mwishoni tumegusa vita viwili vingine ambavyo familia za kanda hii huvichanganya na hivyo.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba karatasi ya jeshi haisimulii maisha ya mtu. Inaandika namba yake, kikosi kilichomhesabu, na tarehe. Hadithi yenyewe imo katika kumbukumbu za kikosi. Anayetafuta kwa jina la baba peke yake atazunguka miaka, lakini mwenye namba, kikosi na tarehe atafika. Keya lilikuwa jeshi la kikoloni, kwa hiyo usitegemee kukuta faili binafsi la askari wa kawaida wa Tanganyika katika mkusanyiko mkuu wa faili za jeshi la Uingereza. Mara nyingi kile kikaratasi cha kisandukuni ndicho waraka wenye thamani kuliko yote utakayoipata, ndiyo maana tunaanza na kukiokoa.

Hatua ya kwanza: okoa karatasi kabla ya kuisoma

Cheti kilichokaa kimekunjwa miaka sabini hupasuka kwenye mikunjo kikifunguliwa kwa pupa. Kiweke mezani juu ya karatasi nyeupe safi, nawa mikono na uikaushe, kisha fungua mkunjo mmoja mmoja. Kikigoma, kiache wazi chumbani usiku kucha wakati wa masika, maana unyevu wa ziwa utakilainisha wenyewe. Usikinyunyizie maji wala kukipiga pasi.

Maji ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu makarani wa jeshi walitumia sana penseli ya kopi, ile inayoandika kijivu na kugeuka zambarau ikilowa. Kidole kilicholambwa ili kufungua ukurasa kinatosha kuyeyusha mstari wenye tarehe ya kuandikishwa, na ukishayeyuka haurudi.

Pini yenye kutu usiivute. Telezesha kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi, mbele na nyuma, ndipo uitoe taratibu. Seloteji usiiguse kabisa, kwa kuwa gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Wala usipeleke cheti stationari kikalaminetiwe. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini joto hugandisha plastiki na karatasi, na hakuna fundi atakayezitenganisha bila kuharibu.

Kisha piga picha. Kaa karibu na dirisha mchana, jua lisipige moja kwa moja, zima flashi, na shika simu sambamba na karatasi. Piga pande zote mbili hata upande unaoonekana mtupu, kwa sababu mihuri ya kituo na saini za malipo hukaa nyuma. Piga picha nyingine ya karibu kwa kila sehemu yenye mwandiko, na moja yenye rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Ukipata skana, tumia rangi kamili na nukta 600 kwa inchi. Skani ya nyeusi na nyeupe hufuta kabisa mihuri iliyofifia.

Maandishi yaliyopotea mara nyingi bado yapo. Zima taa, washa tochi, na ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya karatasi kwa pembe ndogo. Alama za kalamu iliyokandamizwa zitatoa kivuli. Wino uliogeuka kahawia husomeka vizuri zaidi ukifungua picha katika programu ya kuhariri na kutazama chaneli ya bluu peke yake, kisha ukaongeza ukolezi.

Baada ya hapo karatasi halisi ikae katika bahasha ya karatasi, ndani ya boksi kavu, juu ya kabati mbali na ukuta wa nje. Usiirudishe peke yake katika bati, kwani bati hutoa jasho na kutu. Nakala za picha zikae kwa ndugu watatu wa nyumba tofauti.

Hatua ya pili: nakili kama ilivyo

Chukua daftari na uandike kila neno, kila nukta, kila herufi, hata zile usizozielewa. Usisahihishe tahajia. Palipo na shaka weka alama ya kuuliza na uandike uwezekano wote. Mkono wa karani wa miaka ya 1940 huchanganya 1 na 7, 4 na 9, 3 na 5. Njia ya kuamua ni kutafuta tarakimu hiyo mahali pengine ambapo mkono uleule umeandika jambo lisilo na utata, kama vile mwaka, kisha ulinganishe.

Tarehe ni za Kiingereza: siku, mwezi, mwaka. 4.6.43 ni tarehe 4 Juni 1943. Tarehe ya kuandikwa mstari na tarehe ya tukio zinaweza kutofautiana kwa wiki kadhaa, hasa askari akiwa safarini. Ukiona WEF, tarehe inayofuata ndiyo ya tukio lenyewe.

Namba ya askari inakiliwa nzima. Herufi zilizotangulia tarakimu ni sehemu ya namba. Usizitupe kwa kudhani ni pambo, maana tarakimu zilezile zikiwa na herufi nyingine ni mtu mwingine.

Hatua ya tatu: jina, kabila, mtemi

Hapa ndipo familia nyingi za Usukuma hukwama. Karani hakujua Kisukuma, akaandika alichosikia. Ng'wandu akawa Mwandu, Gwandu au Nwandu. Mhoja akawa Muhoja, hata Moja. L na R zilibadilishana bila mpangilio, hasa kwa wenye majina ya Kikerewe na Kijita. Andika orodha ya tahajia zote zinazowezekana, kumi au kumi na tano, na uibebe kila unapokwenda kutafuta.

Alama s/o hutangulia jina la baba yake, yaani babu yako. Wapo walioandikishwa kwa jina la utani, jina la ubatizo ambalo nyumbani halikutumika, au jina la ndugu. Kwa hiyo jina likigoma usikate tamaa mapema. Linganisha jina la babu, mtemi na wilaya. Vitatu hivyo vikikubaliana, jina la kwanza tofauti si kikwazo.

Safu ya mtemi ni hazina. Nera, Bukumbi, Magu, Ntuzu na nyinginezo zinaonyesha hasa familia ilikoishi wakati ule, kabla ya kuhama kufuata mashamba ya pamba au malisho. Jimbo litaandikwa Lake Province, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza na lilijumuisha hata Bukoba na Musoma. Usitafute Geita au Simiyu kama mkoa, kwani hiyo ni mikoa ya mwaka 2012.

Umri ulikadiriwa kwa macho. Ukiona 20, isome kati ya 16 na 25. Urefu ni kwa futi na inchi. Futi 5 na inchi 6 ni kama sentimita 168. Uzito ni kwa ratili, na ratili 130 ni karibu kilo 59. Makovu na alama za mwilini zilizoandikwa ndizo shangazi zako wanaweza kuzithibitisha, na uthibitisho huo una nguvu kuliko umri.

Safu nyingine isomwe kwa utulivu: ile ya ndugu wa karibu wa kupewa taarifa. Hapo askari alitaja mama, kaka, au mke. Wakati mwingine jina la mke si la mama yenu, au kuna mtoto ambaye hajulikani nyumbani. Ukikuta hivyo, zungumza kwanza na mkubwa wa ukoo, faraghani, kabla hujalitaja mbele ya watu wakati wa matanga au kikao cha familia.

Hatua ya nne: kikosi

Kifupi KAR kikitanguliwa na namba, hiyo ni batalioni. Batalioni za Tanganyika zilitokana na ya 6, na wakati wa vita ziliongezeka. 1/6 KAR na 2/6 KAR ni mbili tofauti. Ule mkwaju si tarehe wala sehemu ya hesabu. Zikaja 26 KAR, 36 KAR na 46 KAR, zote za Tanganyika. Lakini mtu wa Mwanza aliweza kuandikwa katika batalioni ya Uganda kama 34 KAR, hasa akiwa amejiandikisha ng'ambo ya ziwa alikokwenda kutafuta kazi. Hilo si kosa la karani.

Wengi hawakuwa Keya kabisa ingawa nyumbani waliitwa hivyo. EAASC ni madereva na wagavi wa chakula na petroli. EAAMC ni wauguzi na wabeba majeruhi. EAE ni wahandisi wa madaraja na barabara. EAEME ni mafundi wa magari. EAA ni mizinga. AAPC ni Paionia, yaani askari wa kazi za ujenzi na mizigo, ambao kombania zao zilipelekwa Misri na nchi jirani. EAMLS ni kikosi cha kazi. Dereva aliyepitisha lori la risasi kwenye tope la Burma alikuwa vitani sawasawa na aliyeshika bunduki. Usiandike kwenye kumbukumbu ya familia kwamba mzee alikuwa dereva tu.

Vyeo navyo vina mitego. L/Cpl, Cpl na Sgt ni koplo msaidizi, koplo na sajini. Wazee wa Tanganyika waliendelea kumwita koplo ombasha, neno lililobaki tangu enzi ya Mjerumani, kwa hiyo ombasha wa simulizi na Cpl wa karatasi ni mtu yuleyule. WOPC ni cheo kilichoundwa wakati wa vita kwa Mwafrika aliyeongoza platuni. Ukikiona kwa baba yako, jua alikuwa amefika juu kuliko karibu kila askari mweusi wa wakati wake.

Hatua ya tano: jenga mfululizo wa tarehe

Chora jedwali lenye safu nne: tarehe, kilichoandikwa, maana, na ushahidi umetoka wapi. Panga mistari kwa tarehe ya tukio, si kwa mpangilio wa ukurasa.

Vifupi vinavyobeba mzigo ni vichache. TOS ni kuingizwa katika hesabu ya kikosi, na SOS ni kuondolewa. Neno SOS huwatisha watu bure, kwa sababu halimaanishi hatari wala kifo, ni uhamisho wa kawaida wa hesabu. Emb ni kupanda chombo, Disemb ni kushuka. Adm ni kulazwa hospitali. Orodha ya X ni ya walio nje ya kikosi kwa muda: mgonjwa, aliyeko kizuizini, aliyepotea. CB ni adhabu ya kutotoka kambini, na AWL ni kuondoka bila ruhusa. MEF ni majeshi ya Mashariki ya Kati, SEAC ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Chukua mfano huu, tuliouunda ili kuonyesha kazi inavyofanyika:

Attested Mwanza 14.3.42
Emb Mwanza 20.3.42, Disemb Kisumu 22.3.42
TOS 36 KAR 11.5.43
Emb Mombasa 7.43
Adm 3.10.44 malaria, SOS 36 KAR X list 24.10.44
TOS 36 KAR 19.12.44
SOS 5.46

Mtu asiyejua husoma hivi: aliapa Mwanza, akavuka bahari mwezi huohuo, akapigana miaka minne. Sivyo. Kupanda chombo Mwanza ni meli ya ziwani kwenda Kisumu, kisha treni hadi Nairobi. Wengine walipelekwa kwa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, kupitia Tabora hadi Dar es Salaam. Kila Emb iulizwe kwanza: bandari gani? Bahari inaanza pale Mombasa, Julai 1943.

Kati ya Machi 1942 na Mei 1943 kuna miezi kumi na minne isiyo na maelezo. Pengo la namna hii ndilo linalozaa hadithi za uongo, kwa sababu familia hulijaza kwa vita vyovyote vilivyosikika. Liache wazi. Liandike pengo, na mbele yake andika swali: depo ya mafunzo, au kikosi kingine ambacho ukurasa wake umepotea?

Sasa weka kikosi juu ya ramani. 36 KAR ilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilihamia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1943. Mwaka 1944 ikapelekwa Burma, ikashika bonde la Kabaw kuanzia Tamu wakati wa mvua kubwa, ikaingia Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa kali ya vimelea vya vichakani. Kwa hiyo askari wetu wa mfano aliugua katikati ya mapigano, akarudi kikosini Desemba 19, baada ya Kalewa kuchukuliwa. Hakuwapo Kalewa siku yenyewe. Kama simulizi ya nyumbani inasema alivuka Chindwin wa kwanza, karatasi haikubaliani nayo. Lakini Kabaw alikuwapo, na karatasi inathibitisha.

Hivyo ndivyo mstari mmoja wa malaria unavyotenganisha alipokuwapo na alipokosekana. Usiuruke kwa kuona ni ugonjwa tu.

Kwa vikosi vingine vya Tanganyika, tarehe za kulinganisha ni hizi. 1/6 KAR ilikuwa Ethiopia mwaka 1941, na Mei 19 ilipigana Colito, mahali palipoipa jina kambi ya Colito iliyo Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Mapigano ya Ethiopia yaliisha Gondar ilipoanguka Novemba 27, 1941. Batalioni hiyohiyo ilikuwa katika Brigedi ya 22 iliyoshuka Madagaska Septemba 1942. Mzee akitaja Bukini, hapo ndipo. 26 KAR ilikuwa Brigedi ya 25 ya Divisheni ya 11, na 46 KAR ilikuwa Brigedi ya 28, nayo ya Burma. Aliyeandikishwa mwaka 1943 hakupigana Ethiopia, hata kama kikosi chake kilipigana.

Hatua ya sita: maneno ya cheti cha kuachishwa

Wengi waliachishwa mwaka 1946. Mwenendo hupimwa kwa ngazi: Exemplary ni mfano wa kuigwa, Very Good ni mzuri sana, kisha Good, Fair, Indifferent na Bad. Good inaonekana ni sifa, lakini iko chini ya mbili. Kabla hujaumia moyo tazama safu ya adhabu. Mara nyingi utakuta siku chache za kuchelewa kurudi likizo, jambo rahisi kulielewa kwa mtu ambaye likizo yake ilimtaka afike Mwanza kwa treni na kisha atembee siku nzima hadi kijijini.

Sababu ya kuachishwa huandikwa kwa aya ya kanuni. Maneno "Ceasing to fulfil Army physical requirements", mara nyingi pamoja na Para 390 (xvi) K.R. 1940, yaani aya ya kanuni za jeshi (King's Regulations), maana yake mwili haukutimiza tena masharti ya jeshi: jeraha, kifua, macho, ugonjwa wa muda mrefu. Si aibu wala kufukuzwa. Ni dalili kwamba kuna kulazwa hospitali mahali fulani katika karatasi, kwa hiyo rudi ukalitafute.

Fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki ya senti 100, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Malipo yaliyotumwa nyumbani kila mwezi yanaonyesha jina la aliyepokea na ofisi ya wilaya. Jina hilo na lile la ndugu wa karibu yakitofautiana, kuna kilichobadilika katikati: kifo, talaka, au ugomvi.

Hatua ya saba: nishani

Nishani za Uingereza za vita vya pili hazikuandikwa majina ya askari wa Afrika Mashariki. Nishani tupu kwa hiyo haina dosari, lakini pia haithibitishi kitu peke yake, kwa kuwa zilinunuliwa na kuuzwa. Thibitisha kwa tarehe.

Nyota za pembe sita ni za rangi ya shaba. Africa Star ina utepe wa rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, buluu nzito upande mmoja na buluu nyepesi upande wa pili. Kwa waliokuwa Abisinia, yaani Ethiopia, na Somalia ilihesabu huduma ya Juni 10, 1940 hadi Novemba 27, 1941. Burma Star ina mstari mpana mwekundu katikati ya buluu, na kila upande wa buluu una mstari wa chungwa. 1939–45 Star ina mistari mitatu sawa: buluu nzito, nyekundu, buluu nyepesi. Ile ya duara yenye rangi ya fedha, War Medal, ilitolewa kwa aliyetumikia siku 28 tu, kwa hiyo ndiyo inayopatikana zaidi na isiyosema mengi.

Ukiwa na Burma Star lakini karatasi inaonyesha hakutoka Nairobi, usimtuhumu mzee. Nishani za ndugu wawili hukaa kisanduku kimoja. Uliza kama baba mdogo naye alikuwa jeshini. Na usizisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, maana hula maandishi na rangi ya umri. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kwenye picha tafuta beji ya bega. Kichwa cha kifaru ni Divisheni ya 11. Geuza picha utazame muhuri wa studio: Nairobi, Colombo na Calcutta zinajaza mapengo ya jedwali.

Hatua ya nane: nje ya kisanduku

Anza karibu. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya utawala wa kikoloni. Omba mafaili ya Lake Province na ya wilaya yako ya wakati ule, Kwimba, Maswa, Ukerewe au nyingine, ya miaka 1939 hadi 1948. Usimwambie mhudumu kwamba unatafuta jina la baba, kwa kuwa orodha hazikupangwa kwa majina ya askari. Taja mada: uandikishaji wa askari, fedha za familia za askari, kurudishwa kwa askari makwao, mali za askari waliofariki. Piga simu kwanza uulize masharti na ada, na uende na kitambulisho, penseli na barua ya utambulisho. Nairobi nako kuna hifadhi ya taifa ya Kenya, Moi Avenue, yenye mengi ya kamandi ya Afrika Mashariki.

Chanzo kikubwa ni shajara za vita za vikosi, zilizoko The National Archives, Kew, London. Kila batalioni iliandika kila siku ilipo na kilichotokea. Za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati ziko kundi WO 169, za Burma na Ceylon WO 172. Tafuta kwenye katalogi ya mtandaoni kwa namba ya batalioni na mwaka, unakili namba kamili ya faili, ndipo uombe nakala. Ukiwa na ndugu Uingereza, mtume: kadi ya msomaji ni bure, na kupiga picha kwa simu yake ndani ya chumba cha kusomea ni bure pia. Mpe orodha ya miezi unayoihitaji kutoka kwenye jedwali lako. Bila orodha atapiga picha mamia ya kurasa usizozitaka.

Usitarajie jina la baba humo. Maofisa hutajwa kwa majina, askari huhesabiwa: ORs (wasio maofisa) au AORs (Waafrika wasio maofisa) wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Inauma kuisoma, lakini tarehe ya hesabu hiyo ikigongana na tarehe ya kulazwa kwenye karatasi yako, umempata. Walioombewa nishani za ushujaa hutajwa kwa majina katika kundi WO 373.

Kwa aliyefia vitani, tafuta bure katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, kwa namba kwanza, kisha kwa kila tahajia. Wasio na kaburi wa Burma wapo kwenye Rangoon Memorial. Wengi wengine wako East Africa Memorial, Nairobi. Kama alikuwa mizinga na kifo ni Februari 12, 1944, hiyo ni meli Khedive Ismail iliyozamishwa na nyambizi ya Japani ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikufa karibu watu 1,300.

Atakayekuja kwako akisema karatasi hizo zina fidia ya watoto, mwambie hapana, na usimpe cheti halisi hata kwa dakika tano. Misaada ya Royal Commonwealth Ex-Services League inamlenga askari mwenyewe aliye hai au mjane wake. Kama mjane yupo, fuatilia upesi.

Kama vita si hivyo

Babu aliyezaliwa kabla ya 1900 huenda alikuwa askari wa Mjerumani, au wa Keya ya vita vya kwanza. Nishani za Waingereza za 1914 hadi 1918 ziliandikwa namba na jina kwenye ukingo, kwa hiyo soma ukingo kwa kioo cha kukuzia. Kwa askari wa Mjerumani karatasi ni nadra mno. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipofungua dirisha la malipo hapahapa Mwanza, wazee karibu 350 walifika na wachache tu walikuwa na vyeti. Waliobaki wakapewa ufagio na amri za kijeshi kwa Kijerumani, na kila mmoja akazitimiza.

Karatasi ya Kiswahili yenye namba inayoanza na MT, au P kwa ofisa, ni ya JWTZ, lililoundwa Septemba 1, 1964. Kwa vita vya Kagera, tarehe za kulinganisha ni Oktoba 30, 1978, Amin alipovamia, Aprili 11, 1979, Kampala ilipochukuliwa, na Juni 1979 mapigano yalipofika mpakani mwa Sudan. Tafuta namba ya brigedi: 201, 206, 207 au 208. Faili hizo bado ziko mikononi mwa jeshi, kwa hiyo mwombaji huandika Makao Makuu akitaja namba, jina kamili, kikosi na uhusiano wake, na kuambatanisha cheti cha kifo. Jina la aliyeanguka litafutwe kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, mkoani Kagera. Ukienda, beba orodha yako ya tahajia, maana hata huko Ng'wandu anaweza kuwa Mwandu.